Mwisho wa Juma wa Mwanafunzi Huko Uskoti

Mzazi aliyempeleka mwanawe kusoma Ulaya hupokea habari zake siku hizi kwa njia ya simu, na mara nyingi habari hizo huja pamoja na picha. Leo kijana amesimama mbele ya ngome ya mawe. Juma lijalo yuko kando ya ziwa. Juma la tatu yuko juu ya mlima, amevaa koti aliloazima. Mzazi huyo pengine aliuza ng'ombe wawili, akakopa katika chama cha akiba na mikopo, na majirani wakamchangia katika harambee. Huitazama picha kwa furaha, lakini hujiuliza swali ambalo si la kupuuzwa: Je, fedha ile ilikuwa ya masomo au ya matembezi?

Swali hilo haliwezi kujibiwa mpaka ijulikane kwanza jinsi juma la mwanafunzi linavyogawanywa huko aliko: ni saa ngapi zilizo za chuo na ngapi zilizo zake, ni sheria gani zinazomfunga, na safari zenyewe humgharimu kiasi gani. Makala haya yaeleza mambo hayo kwa kuitazama nchi moja tu, Uskoti, iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kikuu cha Uingereza. Ni nchi yenye vyuo vikuu vya zamani sana. Chuo Kikuu cha St Andrews kilianzishwa mwaka 1413, cha Glasgow mwaka 1451, cha Aberdeen mwaka 1495, na cha Edinburgh kilianza kufundisha mwaka 1583. Katika hicho cha Edinburgh ndimo alimosoma Julius Nyerere tangu mwaka 1949 hata 1952, kabla ya kurudi Tanganyika na kuingia katika siasa.

SAA ZA MASOMO

Jambo la kwanza linalomdanganya mgeni ni ratiba. Mwanafunzi aliyezoea shule ya bweni ya Kenya, ambako kengele hulia alfajiri na kila kipindi kina mwalimu wake, hufika Uskoti mwezi wa Septemba, akapewa ratiba yake na kukuta kwamba mihadhara na mafunzo ya vikundi vidogo pengine hayafiki hata saa kumi na mbili kwa juma. Wale wa sayansi huwa na saa zaidi kwa ajili ya kazi za maabara, lakini msomaji wa historia, sheria au uchumi huweza kuona siku nzima imeachwa wazi, na huanza kudhani kwamba amepewa likizo.

Hesabu ya chuo ni nyingine. Huko Uskoti mwaka mmoja wa digrii ya kwanza una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 10. Yaani mwaka una kazi ya saa 1,200. Digrii ya pili ya kawaida, ambayo huchukua miezi 12, ina krediti 180, nayo ni kazi ya saa 1,800. Saa hizo zikigawanywa kwa majuma yote 52 ya mwaka, bila kupumzika hata juma moja, zinakuwa kama saa 35 kwa kila juma. Sehemu kubwa ya saa hizo haina mwalimu wala kengele. Ni saa za maktaba, za kusoma, kuandika, kufuta na kuandika tena. Asiyezitumia hakaripiwi na mtu yeyote. Hupata tu matokeo yake mwisho wa muhula. Mzazi anayepiga hesabu ya karo yafaa ajue pia kwamba digrii ya kwanza ya heshima huchukua miaka 4 huko Uskoti, ambapo kwa kawaida England huchukua miaka 3.

Katika mafunzo ya vikundi vidogo mwanafunzi hutakiwa kusema. Hapa ndipo wengi waliolelewa kunyamaza mbele ya mkubwa wanapopata taabu, kwa maana mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza, na hupenda kupingwa kwa hoja. Hiyo ndiyo desturi ya pale, wala si utovu wa adabu. Na anayenyamaza kwa heshima hudhaniwa kuwa hakusoma kitabu.

Mahudhurio nayo si jambo la hiari. Chuo kinachopokea wanafunzi wa ng'ambo hutakiwa na serikali ya Uingereza kuyaangalia masomo yao, na mwanafunzi anayetoweka bila ruhusa huweza kuondolewa udhamini ambao viza yake imeutegemea. Kwa hiyo matembezi ya mwisho wa juma hayana budi kuwa ya mwisho wa juma kweli, si ya kuanza Alhamisi na kumalizika Jumanne.

SAA ZA KIBARUA

Baada ya masomo kuna kazi ya mshahara, na hapa ndipo Jumamosi na Jumapili za wanafunzi wengi zinapoishia. Mwanafunzi wa digrii mwenye viza huruhusiwa kufanya kazi isiyozidi saa 20 kwa juma wakati wa muhula, na juma hilo huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Saa hizo haziwekwi akiba: aliyefanya kazi saa 10 juma hili hana ruhusa ya kufanya saa 30 juma lijalo. Wakati wa likizo aweza kufanya kazi siku nzima, lakini msomaji wa digrii ya pili asidanganyike na miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kwake miezi hiyo ni ya kuandika tasnifu, nayo huhesabiwa kuwa ni muhula. Wala mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Msichana anayewasuka wenzake nywele kwa malipo chumbani mwake huenda akaona kuwa hakumdhuru mtu, lakini mbele ya sheria amevunja sharti la viza yake, na adhabu yaweza kuwa kupoteza viza hiyo pamoja na karo yote iliyokwisha kulipwa.

Tangu Aprili 2025 mshahara wa chini kwa mtu wa miaka 21 au zaidi uliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244.20 kabla ya kodi. Pauni moja katika mwaka huo ilikuwa zaidi ya shilingi 150 za Kenya, kwa hiyo anayezigeuza fedha hizo kwa shilingi huona amepata zaidi ya shilingi 36,000 kwa juma moja, na nyumbani husikika kama utajiri. Lakini kodi ya chumba, chakula na umeme havilipwi kwa shilingi. Asilaumiwe anayefanya kazi, maana wengine wasingemaliza masomo bila kazi hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi anayefanya kazi saa nane kila Jumamosi na saa nane kila Jumapili, mwaka mzima, atarudi nyumbani akiijua jikoni ya hoteli moja, na nchi yenyewe hakuiona.

GIZA LA DESEMBA

Lipo jambo ambalo mtu aliyezaliwa karibu na ikweta hawezi kuliamini mpaka alione. Katika mwezi wa Desemba jua la Edinburgh huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na hutua saa tisa na dakika arobaini alasiri. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua hutua saa nne usiku, na watoto hulazwa huku mchana ukali mweupe. Mwaka 2016, ambapo mwezi wa Ramadhani uliangukia Juni, Waislamu wa huko walifunga zaidi ya saa 18 kwa siku. Wanafunzi kutoka pwani ya Mombasa na Zanzibar, waliozoea saa kumi na tatu au kumi na nne, walikuwa na jambo la kusimulia.

Giza la Desemba si la kufanyiwa mzaha. Mwanafunzi huingia darasani kabla jua halijapata nguvu, na anapotoka maktaba limekwisha kuzama. Siku tano za kazi hupita bila kuliona. Anayebaki kitandani Jumamosi na Jumapili, akiwa amefunga pazia kwa sababu ya baridi, huweza kumaliza majuma mengi bila mwanga wa jua kumfikia usoni. Ndipo wengine huingiwa na huzuni nzito, hukosa usingizi au hulala mno, huacha kupika na huacha kujibu simu za nyumbani. Hali hiyo ni maradhi yanayojulikana na madaktari, na mwenye kuyapata hapaswi kuona haya. Kabla ya kupewa viza kila mwanafunzi anayekaa zaidi ya miezi sita hulipia matibabu, na kiasi chake tangu mwaka 2024 kimekuwa pauni 776 kwa mwaka mmoja. Aliyekwisha kulipa na asijiandikishe kwa daktari ameitupa fedha yake. Huko Uskoti hata dawa zilizoandikwa na daktari hazilipiwi tangu mwaka 2011.

Kwa sababu hiyo safari ya Jumamosi, hata ikiwa ni ya kutembea kwa miguu kuvuka mji, si anasa. Kilima kiitwacho Arthur's Seat kimo katikati ya mji wa Edinburgh, urefu wake ni mita 251, na kukipanda hakuhitaji chochote ila viatu vizuri. Mwanafunzi anayekipanda saa sita mchana, jua likiwa limeinama kusini, amejipatia dawa bila kwenda kwa mganga.

KUSAFIRI KWA FEDHA KIDOGO

Sasa ifikiriwe ile picha iliyomtia mzazi wasiwasi. Tangu tarehe 31 Januari 2022, kila kijana anayekaa Uskoti, mwenye umri wa miaka 5 hadi 21, husafiri katika mabasi bila kulipa nauli, ikiwa ameomba na kupewa kadi maalumu. Kinachotazamwa ni makazi yake na umri wake, si nchi alikozaliwa. Hivyo kijana wa miaka 19 aliyetoka Machakos aweza kupanda basi Edinburgh asubuhi na kushuka Glasgow, Stirling au hata Inverness, na jioni akarudi, asitoe hata senti moja ya nauli. Siku anapotimiza miaka 22 haki hiyo humalizika. Haiingii katika magarimoshi.

Aliye mkubwa zaidi atumie kadi ya garimoshi ya vijana wa miaka 16 hadi 25, ambayo hupunguza theluthi moja ya nauli. Mwanafunzi wa kusoma siku zote, hata akiwa na miaka 35, huweza kuipata kwa uthibitisho wa chuo chake. Wengi hawalijui hili, hununua tiketi kwa bei kamili mwaka mzima. Kadi hiyo ilikuwa pauni 35 katika mwaka 2025, na gharama yake hurudi nauli za mwaka zikifika pauni 105. Tena, tangu tarehe 1 Septemba 2025, magarimoshi ya shirika la ScotRail, lililo mikononi mwa serikali ya Uskoti tangu mwaka 2022, hayatozi tena nauli ya juu zaidi nyakati za asubuhi na jioni.

Malazi pia hayana haja ya kuwa ya hoteli. Ziko hosteli za vijana za chama kilichoanzishwa mwaka 1931, zenye vitanda vya kupangana na jiko la kujipikia. Huko milimani kuna pia vibanda viitwavyo bothi, vingi vyavyo vikitunzwa na chama cha watu wa kujitolea kilichoanza mwaka 1965. Kibanda hakina maji, taa, kitanda wala mlinzi, na hakilipiwi. Mgeni huja na mfuko wake wa kulalia, na huondoka na takataka zake. Na chakula hubebwa. Chapati zilizopikwa Ijumaa usiku zimewalisha wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki katika stesheni ambazo kipande cha mkate na nyama huuzwa kwa bei ya kuudhi.

Picha ile, basi, huenda ilimgharimu kijana unga wa chapati na jozi moja ya soksi.

BLANTYRE NA THOGOTO

Kati ya safari zote za siku moja, iko moja ambayo mwanafunzi wa kutoka Afrika Mashariki hafai kuikosa, nayo si ya kwenda kwenye ngome. Ni ya Blantyre, mji mdogo ulio karibu na Glasgow, ambako David Livingstone alizaliwa mwaka 1813. Jamaa yake yote iliishi katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda hicho, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo alikwenda shule ya usiku. Baadaye alijilipia masomo ya utabibu mjini Glasgow kwa mshahara wa kiwanda. Mwanafunzi anayelalamika kwa ajili ya saa zake 20 za kibarua ataona pale kwamba jambo hili lina historia ndefu, na kwamba mtoto maskini wa Uskoti hakuwa na sheria ya kumlinda kama aliyo nayo yeye.

Nyumba hiyo ni makumbusho, nayo ilifunguliwa upya mwaka 2021 baada ya matengenezo makubwa. Humo mna pia habari za Waafrika waliosafiri na Livingstone, ambao vitabu vya zamani viliwataja kama wapagazi tu. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873, ni Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliouhifadhi mwili wake na kuubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Mwili ulifika pwani mwezi wa Februari 1874 na kuzikwa London mwezi wa Aprili. Jacob Wainwright, mmoja wa wenzao, aliyesomeshwa Bara Hindi, alifuatana nao hata kaburini. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo huo, mazishi yakiwa yamekwisha. Watu hao walikuwa miongoni mwa wasafiri wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuiona nchi hiyo, na hakuna aliyewauliza kama safari yao ilikuwa ya masomo au ya matembezi.

Fungamano hilo halikuishia hapo. Mji wa Blantyre wa Malawi uliitwa kwa jina la kijiji hicho cha Uskoti. Na kwa Mkenya liko jingine karibu zaidi: Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipofika Kikuyu mwisho wa karne ya 19, wenyeji walilitamka jina la taifa la wageni hao kwa namna yao, na mahali pakaitwa Thogoto hata leo. Jirani na hapo ndipo Shule ya Upili ya Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926. Kijana wa Thogoto anayeshuka Edinburgh kwa mara ya kwanza amefika, kwa jina, nyumbani kwao.

MAHALI PENGINE

Anayekwenda St Andrews ayapange mambo yake aende Jumapili. Uwanja wa gofu wa zamani ulioko pale, unaojulikana duniani kote na ambao wachezaji hulipa fedha nyingi ili kuuingia, hufungwa kwa mchezo siku ya Jumapili, na watu wote huruhusiwa kutembea juu ya majani yake pamoja na mbwa na watoto wao. Kati ya Edinburgh na huko kuna madaraja matatu yaliyopangana juu ya ghuba ya mto Forth: la garimoshi la mwaka 1890, la motokaa la mwaka 1964, na jingine la motokaa la mwaka 2017. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kusimama mahali pamoja na kuona karne moja na zaidi kidogo ya kazi yake. Stirling ina ngome, na mwenye kupenda historia ya vita atapewa ya kutosha.

Njia ya garimoshi iendayo magharibi kutoka Glasgow mpaka Mallaig huchukua zaidi ya saa tano, na huvuka daraja la Glenfinnan lenye matao 21, lililojengwa kwa zege na kufunguliwa mwaka 1901. Siku hizi pamejaa watalii, kwa sababu daraja hilo lilionyeshwa katika filamu za Harry Potter. Mandhari ni nzuri kupita kiasi. Lakini Jumapili magarimoshi ya njia hiyo ni machache sana, na anayelikosa la jioni amepoteza darasa la Jumatatu.

Visiwa vya magharibi vina jambo lao. Katika kisiwa cha Lewis Jumapili imeheshimiwa kwa miaka mingi kuliko mahali popote pengine Uingereza. Meli ya kwanza ya Jumapili kati ya Stornoway na bara ilianza mwezi wa Julai 2009, tena baada ya mabishano makali, na duka moja kubwa la mji huo lilipoanza kufungua milango Jumapili mwezi wa Novemba 2024, wengi walipinga. Mgeni afikaye huko Jumamosi jioni na abebe chakula chake.

MLIMA MDOGO WENYE HATARI KUBWA

Mkenya anapoambiwa kwamba mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, Ben Nevis, una mita 1,345 tu, hucheka. Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Aliyefika kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, mita 4,985, huuona Ben Nevis kama kilima cha kuchungia mbuzi, na huenda kuupanda akiwa na viatu vya raba na chupa ya soda.

Kicheko hicho kimewagharimu watu. Ben Nevis huanza karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo mpandaji hupanda karibu mita zote 1,345 kwa miguu yake. Mlima uko mbali sana kaskazini, na pepo za bahari huuvamia moja kwa moja. Theluji huweza kuwapo kileleni hata mwezi wa Mei, na ukungu hushuka kwa dakika chache, mtu asiweze kuona njia iliyo mbele ya miguu yake, huku pembeni kukiwa na majabali yaliyokatika wima. Watu hufa katika milima ya Uskoti kila mwaka, na si wageni peke yao. Mwanafunzi asiye na viatu vya mlima, koti la kuzuia mvua, ramani, taa na chakula cha akiba asipande wakati wa baridi hata kidogo. Na anayepanda wakati wa kiangazi amwambie mtu njia anayopita na saa anayotarajia kurudi. Chama cha wapanda mlima cha chuo kikuu hupokea wasiojua, huwafundisha, na mara nyingi huazimisha vifaa, na ndiyo njia bora ya kuanza.

Ajali ikitokea hupigwa simu namba 999, wakaombwa polisi, kisha waokoaji wa mlimani. Waokoaji hao wengi ni watu wa kujitolea, walimu, wakulima na mafundi, ambao huacha usingizi wao na kutoka usiku katika theluji, wala hawatozi malipo. Sheria ya mwaka 2003 imempa kila mtu haki ya kupita kwa miguu katika sehemu kubwa ya mashamba na milima ya Uskoti, mradi asiharibu mali wala kusumbua mifugo. Jambo hilo humshangaza mtu atokaye mahali ambapo kuvuka ua wa jirani ni kesi kwa chifu. Na katika miezi ya joto wako visubi wadogo wanaouma kwa maelfu. Hawana malaria, lakini hawana adabu pia.

CHAKULA NA WENYEJI

Wengi huogopa chakula cha kigeni, kumbe chakula cha Uskoti kinachoogopwa na Waingereza wenyewe ndicho ambacho Mkenya atakitambua upesi. Hagisi hutengenezwa kwa moyo, maini na mapafu ya kondoo, yakasagwa pamoja na vitunguu na unga wa shayiri, kisha yakashindiliwa katika tumbo la mnyama na kuchemshwa. Aliyekula mutura hana haja ya maelezo zaidi. Hagisi huliwa kwa sherehe hasa tarehe 25 Januari, siku ya kuzaliwa kwa mshairi Robert Burns, aliyezaliwa mwaka 1759, na vyuo vingi huwaalika wanafunzi wa ng'ambo usiku huo. Uji wa asubuhi wa Waskoti nao ni uji kweli, ingawa wengine hutia chumvi mahali pa sukari. Unga wa ugali hupatikana Glasgow na Edinburgh katika maduka ya vyakula vya Kiafrika.

MIPAKA ISIYOONEKANA

Limebaki jambo ambalo limewaingiza baadhi ya wanafunzi katika matatizo makubwa kuliko theluji. Kutoka pwani ya Uskoti meli huvuka mpaka Belfast, katika Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na mwanafunzi mwenye viza halali huruhusiwa kwenda huko. Kutoka Belfast basi hufika Dublin kwa muda wa saa mbili na kitu. Njiani hakuna lango wala kizuizi. Lakini Dublin ni mji mkuu wa Jamhuri ya Ayalandi, nchi nyingine yenye sheria zake, na mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania hutakiwa kuwa na viza ya nchi hiyo. Viza ya mwanafunzi wa Uingereza haitoshi. Polisi huweza kulisimamisha basi na kutazama pasipoti, na kosa la Jumamosi moja huandikwa katika kumbukumbu ambazo mtu ataulizwa kila aombapo viza maisha yake yote.

Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine za Mkataba wa Schengen nazo zina viza yao. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Malipo yake tangu Juni 2024 ni yuro 90, na hayarudishwi maombi yakikataliwa. Kwa fedha hiyo mwanafunzi angeweza kuizunguka Uskoti majuma kadhaa. Wenye busara huiweka safari ya Paris mwisho wa mwaka wa masomo, mitihani ikiwa imekwisha, na huanza kuishughulikia mapema wakati wa baridi.

Jumapili jioni huwa na kazi zake: kufua, kupika chakula cha siku tatu, kusoma sura iliyotakiwa kwa ajili ya Jumatatu, na kupiga simu nyumbani. Wakati wa baridi Nairobi iko mbele ya Edinburgh kwa saa tatu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Uingereza zinaposogezwa mbele, tofauti huwa saa mbili, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudi kuwa tatu. Garimoshi linaloingia Edinburgh saa moja usiku wa Januari limefika wakati ambapo Nairobi ni saa nne, na mama amekwisha kulala. Mwanafunzi anayejua hesabu hiyo hupiga simu akiwa bado njiani, kabla ya kuvuka daraja la Forth.